Injini Inayojipigia Resi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya ngoma mbili za breki zilizolika, nazo ngoma zimezama ardhini kiasi kwamba mtu mrefu akikaa magoti humfika kifuani. Ng'ambo ya barabara kuna geti la kampuni ya malori na mlinzi mwenye daftari. Wanaolikalia asubuhi ni walewale. Yupo Nozeli, fundi wa pampu za dizeli kwa miaka thelathini, ambaye hatembei bila bisibisi yake ndefu: ncha huigusisha kwenye chuma, mpini huuweka kwenye mfupa wa sikio, kisha hutoa hukumu. Yupo Pancha, mziba matairi wa hapo pembeni, ambaye maarifa yake yameuacha mbali ushahidi wake. Yupo Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu kwa damu, lakini birika la kahawa ni lake na neno la mwisho ni lake. Yupo Handibreki, dereva wa malori makubwa wa kampuni hiyo ya ng'ambo, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiondoka mahali kwa haraka. Na mimi wananiita Kifungu, kwa kuwa nilisoma sheria na siwezi kusikia dai bila kuuliza linasimama juu ya nini. Ninayoyaandika hapa niliyasikia mwenyewe. Yale ambayo wenzangu waliyasikia kwa watu wengine, nimeyaonyesha kuwa hivyo.

Asubuhi hiyo, yapata saa mbili na nusu, Handibreki alikuja kwa miguu. Siku ya nne hiyo alikuwa hana gari. Mkononi alishika barua, na barua ile alikuwa ameikunja mara nyingi mno.

Handibreki: Kifungu, hebu nisomee tena. Pengine macho yangu yamenisomea vibaya.

Nikaisoma kwa sauti. Alitakiwa kufika ofisini siku hiyohiyo saa nne kamili akiwa na maelezo ya maandishi, aeleze kwa nini alizima injini mara tisa wakati gari likijisafisha, akasababisha chujio la moshi kuziba na gari kukwama mlimani na shehena ya saruji. Asipotoa sababu za kuridhisha, ataondolewa kwenye gari.

Pancha: Ataondolewa kwenye gari? Gari lenyewe si mmelivuta kwa mnyororo, liko gereji limeinuliwa juu ya mawe? Wamwondoe kwenye nini, kwenye mawe?

Shangazi: Pancha, shika kikombe. Mdomo wako upate kazi nyingine.

Nilitoa karatasi na kalamu, nikaanza pale ambapo kila shauri huanza, yaani kutenganisha yanayobishaniwa na yasiyobishaniwa.

Kifungu: Ulizima?

Handibreki: Nilizima.

Kifungu: Mara tisa?

Handibreki: Mimi sikuhesabu. Kompyuta ya gari ndiyo iliyohesabu.

Kifungu: Unaikana hesabu hiyo?

Handibreki: Niikane vipi? Ina tarehe, ina saa, ina mpaka joto la bomba la moshi. Mke wangu mwenyewe hajawahi kuniandika hivyo.

Basi tendo halikubishaniwa. Kilichobaki ni sababu, na sababu ile benchi zima liliidaka kana kwamba imetangazwa zabuni.

Nozeli: Andika yangu, Kifungu. Andika kwamba injini hizi za sasa zimezibwa pua. Mimi injini ya kwanza kuifungua ilikuwa silinda sita, inavuta hewa kwa mapafu yake yenyewe. Pampu yake unaikumbatia. Kila silinda ina bomba lake la mafuta; ukilegeza nati ya ile ya tatu, unamsikia wa tatu kanyamaza. Moshi mweusi kama dhambi, lakini unatoka!

Kifungu: Na nguvu yake?

Nozeli: Hilo hujauliza vizuri.

Kifungu: Nguvu yake ilikuwaje?

Nozeli: Ndogo. Mlima inaupanda kwa kuomba. Kwa hiyo wakaleta tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wenyewe wakati wa kutoka, nayo inasukuma hewa kuingia. Injini ileile, chuma kilekile, nguvu ikapanda. Kisha wakagundua kwamba hewa ikisukumwa inapata moto, wakaiwekea rejeta yake ipoe kwanza. Nguvu ikapanda tena. Mpaka hapo sina ugomvi nao. Mpaka hapo ni injini ya watu.

Shangazi: Ikaacha kuwa ya watu lini?

Nozeli: Siku walipoitia waya. Pampu yangu wakaitupa. Wakaweka bomba moja nene la kugawia nozeli zote, zile ncha za kupulizia mafuta, mafuta yamekandamizwa humo mpaka yanaweza kutoboa ngozi ya mtu, halafu kompyuta ndiyo inayosema fungua, funga, fungua tena kidogo. Pigo moja la pistoni, mafuta yanaingia mara tatu, mara nne! Nikiweka bisibisi nasikia kama mvua kwenye bati. Sisikii mtu.

Katika maneno hayo sikuona uongo. Niliona pia kwamba mashine yake ya kupimia pampu, ambayo zamani ilikuwa ikinguruma kutwa nzima, sasa imefunikwa turubai, na juu ya turubai kuku wanataga. Ushahidi wa mtu mwenye masilahi haukataliwi, ila hupimwa kwa jicho hilo.

Nozeli: Na mwisho kabisa wakaweka kikapu kwenye bomba la moshi, eti kukamata masizi yasiende mjini. Sasa niambieni ninyi. Mtu ukimlisha, ukamlisha, halafu ukamziba huko nyuma, atapanda mlima?

Shangazi: Nozeli! Watu wanakunywa.

Nozeli: Wahenga walisema penye moshi pana moto. Gari hili halina moshi. Moto utatoka wapi?

Kifungu: Methali inasema penye moshi pana moto. Haikusema pasipo na moshi hapana moto.

Nozeli: Ndiyo maana hukuitwa fundi.

Kifungu: Na bado hujasema kwa nini Handibreki alizima. Umesema kwa nini wewe ungezima.

Pancha alikuwa ametulia kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, na hali hiyo si dalili njema. Aliweka kikombe chini, akafuta mikono iliyokuwa na gundi ya viraka.

Pancha: Nozeli anazungumzia mabomba. Mimi nazungumzia mwenye mabomba. Injini za zamani zilikuwa zinakufa zikichoka, kweli si kweli?

Nozeli: Kweli.

Pancha: Za sasa zinakufa zikiambiwa. Humo ndani ya kompyuta kuna tarehe. Ikifika, basi, ile gari hata ungeiwekea asali haiendi. Usione vyaelea, vimeundwa. Vimeundwa vizame!

Kifungu: Hiyo tarehe umeiona?

Pancha: Kaiona shemeji yangu.

Kifungu: Kaiona kwa macho yake?

Pancha: Kaambiwa na mtu anayefanya kazi na mtu aliyeiona.

Kifungu: Basi tuna watu watatu kati yetu na tarehe.

Pancha: Watatu si wengi. Wewe na babu yako mzaa babu mna wangapi kati yenu, na unamkubali!

Shangazi alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye sahani. Nakiri kwamba jibu hilo lilinikalia vibaya, maana lilikuwa na umbo la hoja.

Handibreki: Pancha, gari lile lina miezi mitano. Tarehe gani ya kufa miezi mitano?

Pancha: Ndiyo nakuja huko. Hukufikia tarehe. Ulizimwa. Gari linaongea na setilaiti, si linaongea?

Handibreki: Linaongea. Ofisini wanaona nilipo.

Pancha: Wakikuona ulipo, watashindwa kukugusa ulipo? Waliolitengeneza wamekaa huko kwao, mbele yao kuna ukuta mzima wa taa, kila taa gari moja. Mtu kagombana na mkewe asubuhi, kaingia kazini na hasira, kabonyeza. Wewe huku mlimani unasema chujio!

Nozeli: Na hayo masizi?

Pancha: (akipunguza sauti) Masizi ni nini? Kaboni. Almasi ni nini?

Akatuinulia kidole.

Pancha: Kaboni! Muulizeni mwalimu yeyote. Sasa hilo chujio likijaa, dereva anaruhusiwa kulifungua? Haruhusiwi. Linakwenda wapi? Linachukuliwa. Linarudi? Halirudi, unaletewa jingine. Ninyi mnadhani wanahangaikia mapafu yetu! Wanavuna. Handibreki amewazimia mavuno mara tisa, ndiyo maana barua ni kali. Akiba haiozi.

Nozeli, ambaye dakika chache nyuma angemtetea yeyote aliyelisema vibaya chujio, alimtazama Pancha kwa muda, akasogea nusu shubiri upande wa pili wa ubao.

Nozeli: Mimi mnitoe katika hilo.

Ilikuwa saa tatu imepita. Katika karatasi yangu palikuwa na mstari mmoja tu, kwamba dereva anakiri kuzima. Nikamgeukia Handibreki, nikamwuliza lile ambalo kwa haki lilipaswa kutangulia yote.

Kifungu: Uliona nini, mpaka ukazima?

Handibreki aliinywa kahawa yote, machicha nayo.

Handibreki: Nilikuwa nimesimama kwenye mzani, nasubiri zamu. Mguu wangu haupo kwenye pedali. Injini ikaanza kujipigia resi yenyewe. Ikapanda, ikapanda, ikakaa huko juu. Joto likaja kutoka pembeni, nyasi kando ya bomba la moshi naziona zinajikunja. Nikazima.

Nozeli: Ilikuwa inachoma masizi. Chujio likijaa, inajitia moto yenyewe yaungue. Ndiyo kujisafisha kwake huko.

Handibreki: Sasa najua. Siku ile nilijua kingine.

Shangazi: Kipi, baba?

Handibreki: Aliyenifundisha usukani ni kaka yangu. Gari lake lilikuwa la zile za tabo za kwanza. Siku moja tuko kwenye yadi, kalisimamisha, mara injini ikajipigia resi. Kumbe tabo imekatika mpira, inanyonya oili ya injini yenyewe na kuichoma kama dizeli. Kaka akazima ufunguo, haizimiki. Itazimikaje wakati mafuta haiyataki tena, inajila yenyewe? Akafungua boneti, akachukua koti akimbilie kuziba mdomo wa hewa. Injini ikapasuka. Chuma kikatoka ubavuni kikamkuta kwenye goti. Mpaka leo anatembelea gongo. Na pale chini, kabla hawajamchukua, aliniambia kitu kimoja: injini ikijipigia resi, usifikiri. Zima.

Nozeli aliitikia kwa kichwa, kwa kuwa kati yetu wasikilizaji yeye peke yake ndiye aliyewahi kuona injini ya namna hiyo.

Nozeli: Ni kweli tupu. Zile ukichelewa dakika, umezika.

Nililazimika kuuliza lililofuata, ingawa sikulipenda.

Kifungu: Lakini hii ulipoizima kwa ufunguo, ilizimika.

Handibreki: Ilizimika.

Kifungu: Basi haikuwa ile ya kaka yako. Ya kwanza naielewa. Ya tisa?

Handibreki: Kila ilipozimika, Kifungu, nilijiambia nimewahi.

Jibu hilo nililipima pande zote na sikulipatia pengo. Mtu aliyeepuka hatari na mtu ambaye mbele yake hapakuwa na hatari huachwa na ushahidi uleule: wote wawili wako hai, na injini imenyamaza.

Kifungu: Basi hilo ndilo la kuandika.

Handibreki: Siandiki.

Kifungu: Kwa nini?

Handibreki: Miaka ishirini na mitatu ninaendesha. Nimeshusha shehena milima ambayo hao wa ofisini wakiipanda kwa gari dogo wanafumba macho. Leo niandike kwa mkono wangu kwamba niliogopa mngurumo? Wataibandika ukutani. Afadhali niandike almasi.

Pancha: Umesikia? Almasi ina heshima.

Shangazi: Nyamaza wewe. Baba, si walikufundisha hili gari lilipokuja?

Handibreki: Walitufundisha. Asubuhi moja, chumbani, picha ukutani. Bwana mmoja anaongea kwa lugha yake, mwingine anatutafsiria, naye huyo mwingine injini haijui. Sehemu kubwa ya asubuhi ikaliwa na kiti. Kiti kina hewa, kiti kinapanda, kiti kinashuka, kiti kinapasha mgongo. Mwisho tukasaini, tukatawanyika.

Kifungu: Mlisaini nini?

Handibreki: Karatasi.

Kifungu: Inasemaje?

Handibreki: Kifungu, umewahi kuona mtu anasoma karatasi ya mahudhurio?

Kifungu: Nimewahi.

Handibreki: Nani?

Kifungu: Mimi.

Wakacheka wote, naye Handibreki akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu afike. Hata hivyo jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Kama karatasi ile inasema alifundishwa kujisafisha kwa injini, basi kampuni inayo saini yake, na yeye ana kumbukumbu ya kiti. Mbele ya meza yoyote ninayoijua, saini hutangulia kumbukumbu. Nilimweleza hivyo bila kupaka sukari. Nilimweleza pia, kwa kuwa haki inataka pande zote, kwamba kampuni haikosi hoja: chujio limeziba, mzigo umelala mlimani siku mbili, na gari lilitoa onyo.

Kifungu: Lilitoa onyo, au halikutoa?

Handibreki: Lilitoa. Taa ya manjano, ina kipicha cha kisanduku chenye vitone ndani.

Kifungu: Na injini ikiwa na hitilafu ya kweli, taa yake ya rangi gani?

Handibreki: Manjano.

Kifungu: Ina picha gani?

Handibreki: Kama injini. Ukiwa na jua usoni, nayo ni kisanduku.

Nikaandika hilo. Ilikuwa saa nne kasoro robo. Nilikuwa na sentensi nne, zote za kweli, na hakuna hata moja iliyosema kwa nini. Bila sababu yale yalikuwa maungamo tu. Handibreki aliitazama karatasi namna mtu anavyotazama daraja ambalo hajui kama litabeba uzito wake.

Hapo ndipo alipovuka barabara mwanamke mmoja, umri wake thelathini na kitu, begi mgongoni, viatu vyenye vumbi la safari. Aliegemeza begi kwenye mwisho wa ubao.

Mgeni: Hamjambo wakubwa zangu. Shangazi, shikamoo. Nipe kimoja, bila sukari.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Kaa, miguu imechoka hiyo.

Pancha: Karibu, karibu! Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mgeni: Asante. Hii ndiyo kampuni ya malori? Nimesafiri siku mbili, nimeambiwa saa tano niwe hapa.

Nozeli: Ndiyo hii. Unamfuata nani?

Mgeni: Namfuata msimamizi wa magari. Mimi dereva. Wamenipigia simu kwamba kuna gari linahitaji mtu, jipya kabisa, la miezi mitano. Wamesema liko gereji linasafishwa chujio, likitoka tu nalichukua.

Kikombe cha Pancha kilisimama katikati ya njia. Shangazi aliinama kwenye birika ingawa birika halikuwa na shida yoyote.

Kifungu: Samahani, dada. Walikupigia lini?

Mgeni: Juzi. Juzi mchana.

Nikaichukua barua, nikaitazama tarehe, ingawa niliikumbuka. Barua ya kumwuliza Handibreki kwa nini iliandikwa jana. Yaani mtu wa kuchukua gari lake aliitwa siku moja kabla yeye mwenyewe hajaulizwa. Katika sheria jambo hilo lina jina, na jina lake si zuri. Nilimwonyesha Handibreki tarehe kwa kidole.

Handibreki: Nimeona.

Mgeni alitutazama mmoja mmoja. Hakuwa mjinga.

Mgeni: Gari lako hilo, kaka?

Handibreki: Lilikuwa. Saa nne naitwa kujieleza.

Mgeni: Jamani. Mimi sikuambiwa kama lina mtu.

Handibreki: Huna kosa, mdogo wangu. Kunywa kahawa.

Mgeni: Ulifanya nini?

Handibreki alimweleza, kwa maneno machache kuliko yaliyotumika kutuambia sisi. Injini ilijipigia resi yenyewe. Alifikiri inajiua kama ile iliyomvunja kaka yake goti, kumbe inajisafisha. Alizima, mara tisa. Nilibaini kwamba alilitamka lote bila haya, maana aliyekuwa akimsikiliza ni dereva.

Mgeni alishika kikombe kwa mikono miwili.

Mgeni: Sasa mimi likinifanyia hivyo, nitajuaje? Nitajuaje kama linajisafisha au linajiua?

Pancha: (upesi) Utajua tu. Linalojiua linakuwa na...

Nozeli: Unasikiliza. Unaweka bisibisi hapa, kwenye...

Mgeni: Nasikia nini?

Nozeli alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta katika miaka thelathini yote ya sikio lake, kisha nikamwona anairudisha bisibisi mfukoni.

Nozeli: Mvua kwenye bati.

Mgeni: Zote mbili?

Nozeli: Sijui. Ya kujiua katika injini hizi za sasa sijawahi kuisikia. Ukitaka uhakika, zima ufunguo. Ikizimika, ilikuwa inajisafisha. Ikigoma kuzimika, shuka ukimbie.

Mgeni: Lakini nikizima si ndiyo nimekosa? Si ndiyo barua yenyewe hiyo?

Shangazi: Eh!

Mgeni: Na nisipozima, ikawa ndiyo ile ya kaka yake?

Mimi nilijaribu kulijibu kimoyomoyo, kwa kuwa ni kazi niliyosomea, na nikaona kwamba njia pekee ya kulipima kosa ni kulitenda. Sikatai kwamba jibu huenda lipo. Pengine limo katika ukurasa fulani wa kitabu kilichoko kwenye kasha la gari lile, bado kimevaa nailoni yake. Ninachoweza kukithibitisha ni kwamba kwenye benchi lile, kati ya fundi, mziba matairi, mwanasheria na madereva wawili, halikuwepo.

Handibreki alinyosha mkono.

Handibreki: Kifungu, lete kalamu.

Kifungu: Nikuandikie?

Handibreki: Leo nitaandika mwenyewe.

Aliikunja karatasi yenye sentensi zangu nne, akaitia mfukoni mwa shati, akaomba nyingine. Alimwomba mgeni alirudie polepole swali lake la kwanza, lile la kujisafisha au kujiua. Mgeni akalirudia. Handibreki aliandika kwa herufi kubwa, akiukandamiza ubao, mstari mmoja na nusu, akaweka jina, saini na tarehe. Kabla ya kusaini aliisoma, tena kwa kidole.

Kifungu: Si maelezo hayo. Watasema hukujibu walichokuuliza.

Handibreki: Watakuwa sahihi.

Kifungu: Wanaweza kukuondoa hivyohivyo.

Handibreki: Wanaweza. Lakini hawatamkabidhi huyu ufunguo kabla hawajamjibu.

Mgeni: Kaka, mimi saa yangu ni saa tano.

Handibreki: Njoo sasa hivi. Ukikaa hapa mpaka saa tano, Pancha atakufundisha almasi.

Mgeni alisita. Aliitazama kahawa aliyoibakiza, akalitazama geti. Alikuwa na mengi ya kupoteza kwa kuingia mle pamoja na mtu aliyekwisha kuondolewa, na nadhani alilijua hilo vizuri kuliko sisi tulivyolijua. Kisha akabeba begi.

Shangazi: Kikombe changu jamani.

Akakirudisha, nao wakavuka. Handibreki hakuharakisha, hata lori dogo lilipompigia honi. Barabara ile si pana, na mlinzi wa geti ni mtu wa sauti kubwa, kwa hiyo yaliyosemwa pale tuliyasikia wote, na hayategemei shemeji wa mtu.

Mlinzi: Handibreki! Nimeambiwa unakuja. Nakuandika umeitwa kujieleza, si ndiyo?

Handibreki: Hapana. Andika nimekuja kuuliza.

Mlinzi: Na huyu?

Mgeni: Niandike hapohapo. Swali ni langu.

Kwa muda mlinzi alikaa ameshika kalamu juu ya daftari. Kisha akaandika, akafungua geti, wakaingia wawili.